Kwaya Anayoiulizia Mkeo

Ambokile, mwenzangu,

Niwie radhi kwa kukaa kimya. Tangu tulipokuzika kule Kyimo sijakuandikia hata mstari mmoja. Nilikuwa nimekukasirikia, nikaona si adabu kumwandikia marehemu kwa hasira. Nilingoja hasira ipungue. Haikupungua. Basi naandika nayo.

Siku ya mazishi nilisimama mbele ya waombolezaji, nikasoma wasifu wako. Nilisoma kwamba wewe, mzee wa kanisa, hukusikiliza muziki mwingine ila kwaya, na kwamba sinema uliziona kuwa upotevu wa muda. Watu walitikisa vichwa kukubali. Mimi niliyewachapa watoto wa watu kwa uongo mdogo kuliko huo!

Ni wewe uliyenifikisha hapo. Kila Jumamosi ulikuja nyumbani kwangu hapa Makandana na koti lako la mvua, flashi ya nyimbo na filamu umeifunga ndani ya leso kama dawa. "Mwalimu, haya yabaki humu ndani." Yakabaki. Ukaniwekea singeli sebuleni, mimi, mtu wa umri wangu. Niliposema kwamba zile ni kelele za watu wanaofukuzwa na nyuki, ulinijibu, "Mbona mguu wako unacheza?" Nikauzuia mguu. Wiki iliyofuata sikuuzuia.

Halafu ile tamthilia ya Kikorea. Nilikerwa na yule mfasiri anayewafanya matajiri wa Korea waongee kama wapiga debe. Kila nilipotaka kumsahihisha ulinikatiza: "Gwe Mwalimu, nyamaza, mama mkwe anaingia!" Na kweli, mama mkwe aliingia, na mimi nikanyamaza. Tukakubaliana kwamba hakuna atakayetazama mbele bila mwenziwe. Tulifika sehemu ya thelathini na nane, yule binti akiwa mlangoni na barua mkononi. Wewe ukaenda kufa siku ya Alhamisi. Hukuweza kungoja Jumamosi?

Sasa sikiliza kilichonipata. Juzi alikuja Tusajigwe, mwanao wa kwanza. Mwezi ujao wanakujengea kaburi, na wanataka siku hiyo upigwe muziki ulioupenda mwaka wako wa mwisho. Kwa sababu ya wasifu wangu, wamekwisha kuiomba kwaya ya Nkunga. Nikadhani yamekwisha. Kumbe mama yake amemtuma.

"Baba mdogo, mama anasema siku zile baba alikuwa akimenya ndizi huku anatingisha mabega na kuimba chini chini. Hajawahi kumwona na furaha namna ile. Anauliza ni kwaya gani, tuwafundishe wa Nkunga wimbo huo."

Kwaya gani, Ambokile! Nimjibu nini mjane wako? Nilimwambia binti yako, "Nitaitafuta." Huo ni uongo wa pili, na huu sikuusoma kwenye karatasi.

Nikisema kweli, nimevunja neno langu kwako, na wazee wenzako wa kanisa watajua kwamba nilisoma uongo mbele ya jeneza. Nikinyamaza, mkeo atasimama kaburini kuusubiri wimbo ambao kwaya haiujui. Mabega yale aliyaona yeye. Kwa nini yawe siri yetu sisi wawili, na mmoja wetu hayupo?

Flashi ninayo. Uliiacha juu ya redio yangu, na leso yako. Sijaichomeka tangu siku ile. Jumamosi natengeneza chai, naketi, naitazama tu. Nikimpelekea mama Tusajigwe, ninamjua, atataka na tamthilia, aanze sehemu ya kwanza, na itanilazimu kumweleza nani ni mama mkwe wa nani. Sina subira hiyo. Lakini yeye alikuvumilia miaka yote ile.

Pumzika, ndugu yangu. Ndaga, asante kwa zile Jumamosi. Nitakapokuwa nimeamua, nitakuandikia siku hiyo hiyo. Hadi hapo, yule binti wa tamthilia bado amesimama mlangoni na barua yake, na sitamruhusu aifungue.

Mwalimu wako,
Makandana