Fimbo Nyuma ya Mlango

Maskati, 12 Februari 2003

Dada Rachael,

Barua yako ya Januari nimeisoma mara tatu. Mimi ni mzima, bado naendesha basi la shule.

Kila Ijumaa walimu wetu kutoka Ireland hucheza mchezo wa kwao, wa fimbo bapa na kampira kadogo kagumu. Wanasema Waingereza waliwatawala miaka na miaka, lakini mchezo huo haukuwatoka. Ijumaa iliyopita walipungukiwa na mtu, wakanipa fimbo. Nikacheza kama adhula, mchezo wetu wa fimbo kule nyumbani, vile baba alivyonifundisha. Walishangaa, wakauliza kama bado tunaicheza. Nikawajibu kwamba kijiji kizima hucheza kila Jumapili.

Tangu uongo huo sikai nikatulia. Sasa wanataka niwaandikie sheria zake, na nimezisahau. Anayezijua ni baba, nawe unasema tangu Krismasi hazungumzi wala hamtambui mtu. Likizo yangu ni Agosti.

Fimbo yake bado iko nyuma ya mlango? Mwekee mkononi, kisha uniandikie mkono umefanya nini.

Nduguyo,
Fidel