Sauti Iliyoita Mara Mbili

Columbus, majira ya kuvuna soya

Mama yangu,

Pokea salamu katika jina la Bwana, wewe na wote wanaolala chini ya paa lako. Goti linasemaje? Furaha aliniambia kwenye simu kwamba unalipaka dawa, halafu unashika jembe kana kwamba dawa ndiyo itakayolima. Furaha, mpwa wangu, wewe unayesoma: msomee bibi yako polepole, na ukifika mahali pagumu usiruke.

Sisi tuko wazima. Mke wangu bado anatunza wazee kule Gahanna, na watoto wananijibu Kiingereza hata nikiwaita kula. Mimi niliacha ile kazi ya kupakia maboksi kule Hilliard. Mgongo ulikataa kabla bosi hajanikataa. Sasa ninaendesha gari saa nzima hadi mji mdogo wa wakulima. Pale pana silo, yaani minara ya saruji ya kuwekea soya na mahindi, mirefu kuliko kanisa letu hata ukilibebesha kanisa lingine kichwani. Malori yanamwaga nafaka, mashine inaipandisha juu, kisha inateremshwa kwenye mabehewa ya treni. Kazi yangu ni kufagia. Ndiyo Mama, huyu uliyemuuzia mbuzi ili asome, anafagia soya Amerika. Na tumbo langu, lile unalosema kwenye picha ni baraka, linagusa ngazi kabla ya miguu.

Ng'ambo ya reli kuna stesheni ya zamani ya matofali. Treni za mizigo zinapita tu. Treni ya watu haijasimama pale tangu mwenzangu wa kazi, Walter, alipokuwa mtoto, naye sasa anakaribia sabini. Madirisha yamepigiliwa mbao. Kwenye ufa mmoja unaona benchi ndani, tupu, limeelekea mlangoni. Silipendi benchi lile. Nikila, naligeuzia mgongo.

Kazini wote wananiita Joe. Walter peke yake aliwahi kuniuliza, "Mama yako anakuita nani?" Nikamwambia, Bahati. Akacheka: "Mwenye bahati gani anafagia hapa?" Bon, yakaisha, hakulitaja tena.

Wiki tatu zilizopita ukungu ulishuka asubuhi, ule mzito kama wa kwetu milimani. Malori hayakuja, mashine zikazimwa. Nilikuwa nafagia kando ya reli, kimya kabisa, nikasikia: "Bahati!"

Mama, sauti ilitoka stesheni. Kule kwenye benchi.

Ufagio ulinitoka mkononi. Nani katika mji ule anajua jina hilo? Ikaja tena, nyembamba zaidi: "Bahati!" Nami mzee mzima wa miaka arobaini na saba, mwenye kofia ya plastiki, nikafanya ulivyonifundisha: ukiitwa na humuoni anayekuita, nyamaza. Mtu ataita mara ya tatu. Kisicho mtu huchoka kwa mbili. Nikanyamaza. Nikaimba pambio moja chinichini, lote, huku nikingoja ya tatu.

Haikuja.

Sijui ni nini kilichonisukuma. Labda ni ule ukungu. Nilipiga kelele, "Niko!" mpaka koo likauma. Hakuna aliyejibu. Nikageuka, nikaona chini ya ngazi ya silo kikombe cha kahawa cha Walter, bado kinatoa moshi. Nikapanda, tumbo na vyote. Kwenye kidirisha cha juu nikamwona: soya imemmeza hadi kifuani. Alikuwa ameingia peke yake, jambo lililokatazwa, avunje gamba la nafaka iliyogandamana, likapasuka chini ya miguu yake. Kila akitoa pumzi, soya inambana zaidi. Sauti yake ilitokea kidirishani, ikagonga ukuta wa stesheni, ikanirudia mimi.

Nikapiga simu, wazima moto wakaja, wakamzungushia mabati, wakafyonza soya kidogo kidogo hadi adhuhuri. Alipopita juu ya machela akanikonyeza: "Umechelewa, Joe. Ulikuwa unakula?" Watu wakacheka. Mimi nilirudi kando ya reli nikaokota ufagio wangu.

Jumapili baada ya ibada nilimpelekea sambusa hospitali, nikamweleza yote. Kwamba nilisikia. Kwamba nilisimama nikiimba huku yeye anabanwa.

"Nilianza na Joe," akasema, "hukusikia. Nikakumbuka jina analokuita mama yako. Lakini ya tatu, wapi! Pumzi yangu ilitosha mbili tu."

Mama, tangu siku ile silali vizuri, na sasa nitaandika lile ambalo hatujalisema miaka arobaini. Asubuhi tuliyokimbia milimani, mimi mgongoni pako ingawa nilikuwa mkubwa wa kutembea, ukungu umefunga njia, Baba amebaki nyuma kuachilia ng'ombe. Sauti iliita kutoka bondeni: "Bahati!" Ukanifunika mdomo. Ikaita tena. Tukangoja ya tatu, haikuja, halafu ukaanza kutembea. Baba hatukumwona tena.

Sikulaumu. Wenye bunduki nao walijua kuita watu kwa majina. Mkono wako ndio ulionileta hadi kwenye kufagia soya. Ila wewe ulikuwa mke wake, unaijua sauti yake kuliko mimi. Ilikuwa ya nani? Usimwambie Furaha aniandikie. Nipigie wewe mwenyewe, hata kama ni kulia tu.

Nisalimie kaka yangu mkubwa, mchungaji wa kanisa la kilimani. Na shangazi anayenidai picha. Dada yangu aliye Buffalo anakusalimu kutoka kwenye theluji yake, na shemeji wa Louisville pia.

Jana nilivuka reli. Niliweka mdomo kwenye ule ufa, nikasema, "Baba, niko." Leo mchana nilikula nikiwa nimelielekea lile benchi.

Mwanao,
Bahati