Jina la Krause

Jumatano, 2 Machi 1994
Mshono bado unavuta nikiinama. Nimefua nepi, nimeanika, mvua ikazilowesha tena. Mtoto ana wiki mbili na hana jina. Baba yake anataka aitwe Krause, kama daktari Mjerumani aliyenipasua nikijifungua, tukapona wote wawili. Mimi nimekubali. Napenda.

Ijumaa, 4 Machi
Bibi kafika kutoka Lupiro, kavuka mto kwa pantoni, kuku kwapani. Ndiye aliyenilea. Alikuwa amempakata mtoto, anamwimbia, mume wangu akataja jina. Akanirudishia mtoto. Akaenda kukaa nje.

Jumamosi, 5 Machi
Amesema leo, tukichambua mchele. Zamani Mahenge kulikuwa na ofisa wa Kijerumani, Bwana Krause. Baba yake Bibi alichelewa kufika na mzigo. Akachapwa viboko mbele ya mkewe. Hakunyoosha tena mgongo mpaka anakufa.
"Sasa nikimbembeleza huyu, nimwite hivyo?"


Jumapili, 6 Machi
Ugomvi. Mume wangu anasema yule si huyu. Kweli. Bibi kafunga mzigo wake, kesho anaondoka, ubatizo hataki kuuona. Nimelia jikoni. Nimewachoka wote.

Jumatatu, 7 Machi
Bibi hajaondoka bado, daktari akapita kuangalia mshono. "Shikamoo, bibi." Bibi hakuitikia, akakaza kamba ya mzigo. Kisha Bibi akamweleza yote na kumuuliza: "Alikuwa babu yako?"
Daktari akakaa mkekani.
"Sijui, bibi. Kwetu akina Krause ni wengi. Yuko fundi wa vinanda, yuko mchora ramani, yuko mkimbiaji anayejulikana nchi nzima. Hao si ndugu zangu. Lakini huyo wa Mahenge, siwezi kukuapia kwamba si wetu. Pole sana."

"Marahaba," Bibi akasema.
Mzigo ameufungua.

Jumanne, 8 Machi
Nimemwambia mume wangu: mtoto ataitwa Lipangile, jina la baba yake Bibi. Daktari tutamshukuru kwa njia nyingine. Kanuna mpaka mchana. Halafu kachukua baiskeli, kaenda kumwambia padri.

Jumapili, 13 Machi
Amebatizwa. Bibi ndiye aliyembeba. Daktari alikaa benchi la nyuma kabisa. Bibi akageuka, akamwita kwa mkono, akasogea kumpa nafasi. Wakakaa pamoja mpaka misa ikaisha. Lipangile alilala tu.