Radhi ya Baba kwa Mkaguzi

Dada yangu mpenzi,

Pokea salamu za nyumba nzima, za watu na za mbwa. Mgongo wako unaendeleaje? Ulisema wodi yenu ina wagonjwa wazito na wauguzi wawili tu wa kuwageuza, wewe ukiwa mmoja wao, nami nikakucheka kwamba maisha yako yote umetutuma sisi, sasa umepata wa kukutuma. Usinikasirikie. Sisi huku afya tunayo, ila macho ya baba yamezidi kufifia. Anaona mwanga na vivuli tu, na daktari amesema tusitarajie zaidi ya hapo.

Karakana yangu inakwenda. Nina mageti matatu ya kumaliza mwezi huu na uani pote ni vipande vya vyuma. Yule mshonaji, jirani yetu wa ukuta mmoja, alijifungua mapacha wa kike, wana sauti utadhani wamemeza tarumbeta. Hapo ndipo mambo yalipoanzia.

Mkaguzi, mbwa wako, unamjua. Ulipotuachia ulisema atakuwa macho ya baba, na kweli akawa. Kila asubuhi baba akifungua mlango na kugonga sakafu kwa mkongojo, mbwa alikuwa anabweka kwa furaha mpaka basi, anazunguka, kisha anajipenyeza chini ya mkono wake, na hao wanaondoka kwenda kwa kinyozi kupiga soga. Mshonaji alivumilia wiki tatu. Halafu akaja, macho mekundu kwa kukosa usingizi, akaniomba kwa adabu nimtulize yule mbwa, maana anawaamsha watoto. Nikamuuliza na mashine yangu ya kukatia vyuma je? Akasema hiyo walishaizoea tangu tumboni.

Nilimwonea huruma. Nikaenda kwa yule mfunza mbwa wa ulinzi tunayemwita Kamanda, akanionyesha kola ya umeme. Unamfunga mbwa shingoni, unashika rimoti, akikosea unabonyeza, anapata mshtuko. Alinijaribisha mkononi, nikaona ni kama kung'atwa na siafu. Nilikupigia simu siku ile, unakumbuka. Ulinikataza katakata, ukasema mbwa akiumizwa hajui kaumizwa kwa nini, anajichagulia mwenyewe wa kumlaumu. Nikakujibu kwamba wewe ni muuguzi wa watu, si wa mbwa, nikakata simu. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, ila safari hii guu lililovunjika si langu.

Hata Kamanda alinipa sharti moja: nisibonyeze kamwe kama simwoni mbwa. Nililivunja tangu siku ya kwanza. Unajua nikivaa kinyago cha kuchomelea sioni kitu ila cheche. Rimoti niliiweka mezani kando ya koleo, nikisikia kubweka nabonyeza bila hata kugeuka. Nilianza na nguvu namba mbili, nikapanda hadi tano kwa sababu ana manyoya mengi. Baba alipoipapasa ile kola nilimwambia ni mkanda mpya. Siku ya tisa uani palikuwa kimya, mshonaji akanishukuru, nami nikajiona bingwa.

Siku ya kumi baba alitoka, akagonga mkongojo, akaita. Mkaguzi alikimbilia nyuma ya mitungi ya gesi, akajikunyata, akajikojolea. Kesho yake vilevile. Kwangu anakuja, kwa mshonaji anakwenda, kwa wateja wote anatikisa mkia. Ni kwa baba tu hataki.

Baba ameacha kwenda kwa kinyozi. Kinyozi mwenyewe alikuja kumuuliza kama amemkosea kwa maneno. Baba ananiambia pengine alimkanyaga mbwa bila kumwona, au mkongojo ulimpiga jichoni. Kila jioni anakaa kwenye ngazi na kipande cha nyama kiganjani, anamwomba msamaha kwa kosa asilolijua. Mwisho ile nyama wanaila kuku. Roho inaniuma, dada, siwezi kukueleza.

Jana aliniita akaniagiza nikuandikie barua hii. Alisema nikuambie kwamba amekuharibia mbwa wako, umwie radhi, na ukija umchukue akakae na watu wenye macho.

Dada, usimsamehe baba. Hana cha kusamehewa. Mkongojo ulikuwa unagonga, mbwa anabweka kwa furaha, anamtazama baba, nami huku karakanani nabonyeza. Nilielewa asubuhi ileile alipojificha. Nilimvua kola nikaitupa kwenye pipa la vyuma chakavu, nikamwambia baba mbwa anazeeka. Uongo huo una miezi miwili sasa. La mbwa lilikuwa ujinga, lakini kumtazama mzee asiyeona akiomba radhi kwa dhambi yangu, nikanyamaza, hilo silipatii jina. Naona aibu hata kukuandikia.

Nilirudi kwa Kamanda. Anasema mbwa anaweza kurudi, polepole sana, ila mkongojo ufungwe kitambaa usigonge tena, baba asimwite wala asimnyooshee mkono, amngoje tu. Sasa nitamwambiaje baba asimwite mbwa wake bila kumwambia sababu? Nimetafuta njia nyingine, sijaiona.

Wasalimie wenzako wa wodini, na huo mgongo ukande kwa maji ya moto. Mshonaji anakusalimu, na mapacha wanakulilia. Salamu za baba bado sijaziandika. Unajua hakubali barua yetu yoyote ifungwe kabla hajasomewa yote, neno kwa neno, na hii nitamsomea bila kuruka mstari. Amekaa hapa kando yangu. Ameshaniuliza mara mbili kama ile radhi yake nimeiandika vizuri.

Mdogo wako mkosaji,
Fundi