Doa Jeupe Kifuani kwa Mkwe

Mjukuu wangu Zuhura,

Marahaba. Salamu zako zimefika, pamoja na habari za mtambo wenu unaokimbiza elektroni mpaka zitoe mwanga mkali wa eksirei. Hapa Morogoro mvua imenyesha, na bibi yako anapalilia maharage ingawa magoti yanamsumbua.

Umeuliza kama mwanga huo ungenisaidia nilipokuwa mpiga eksirei. Hospitali za watu binafsi zilikuwa zimeanza kuruhusiwa, nami nikaajiriwa kwenye moja. Siku moja mama mzazi wa bibi yako alishuka kutoka Mgeta, anakohoa. Mkwe wangu yule, ningemwambiaje avue? Nikampiga picha na kanga yake kifuani. Filamu ilipokauka nikaona doa jeupe. Nilijua ni hirizi yake ya shaba, maana uzi wake niliuona shingoni. Daktari akasema ni kifua kikuu. Nikanyamaza, kwa sababu kusema kungenilazimu kumwomba avue. Akatengewa sahani na kikombe, wajukuu wakakatazwa kumkaribia, miezi mingi.

Mwanga ulitosha, mjukuu wangu. Niliona.

Bibi yako hajui mpaka leo. Barua hii nitampa yeye kwanza. Ikikufikia, ujue ameisoma.

Babu yako