Bomba

Jumatatu, 3 Machi

"Mzazi asiyechungulia simu ya mwanawe ni sawa na anayelala mlango wazi." Tochi huyo, kwenye kundi la wazazi, kabla hata chai haijachemka. Ni mfamasia, ndiye mwenyekiti wetu, na jina hilo alilipata kwa kumulika ya watu.

Uongo! Mlango tunawafungia wezi. Hatufungi kisha tukamchungulia binti kwenye tundu la kitasa akivaa. Huo si ulinzi — ni utovu wa adabu uliovaa koti jeupe.

Anataka kila mzazi aweke programu ya "mlinzi" kwenye simu ya mtoto. Inasoma kila ujumbe. Ikishtuka, inatuma tahadhari kwa mzazi na shuleni. Kura Jumamosi. Atakayekataa, mwanawe asirudi muhula ujao. Nimejibu kundini, kwa kalamu ileile ya makala zangu za gazetini: thubutu! Wanawake wawili wamenitumia dole gumba faraghani. Faraghani! Mashujaa wa chini ya meza.

Baba watoto amesoma, akaendelea kumenya yai.

Jumatano, 5 Machi

Nimeitwa shule. Mwalimu wa nidhamu kafunga mlango, kateremsha sauti kama yuko msibani. Binti yako, mama, kaandika habari za bomu. Akanisomea: "Ukumbini itakuwa bomba! Watanikoma!"

Nilicheka mpaka nikashika meza. Bomba! Ana mdahalo kesho, anaongoza wapingaji. Mashine imefundishwa lugha za wengine. Imeona "bomba", imesikia mlipuko. Nikamwuliza, na bomba la maji pale uani mmeshaliripoti? Naye akacheka, maskini, kwa kuficha meno.

Kisha kicheko kikanikauka. Mashine imeingiaje kwenye simu ya mwanangu? Mimi sijaridhia.

Baba yake aliridhia, mama. Wiki iliyopita, kwenye majaribio.

Kikulacho ki nguoni mwako.

Alhamisi, 6 Machi

Jana sikuweza kumsemesha, ningemla mbichi. Leo nimemfuata karakana. Kichwa kilikuwa ndani ya friji la mteja. Kitoe humo, nikamwambia, tuongee.

Akasema yule mtu wa mwezi uliopita alimtosha. Ni kweli, kuna mtu mzima, hatumjui, alikuwa akimwandikia binti yetu akitaka picha. Lakini tulijuaje? Alituambia mwenyewe! Jikoni, tukiosha vyombo, sote watatu. Hakumulikwa na mtu. Tukamfungia yule bwana njia, yakaisha.

"Wewe unapigana na magazeti," akaniambia. "Mimi napigana na usingizi usiokuja."

Limenichoma. Mtu mwoga hasemi hivyo, baba ndiye anayesema hivyo. Nikamwambia basi, tuijaribu hiyo mashine yako. Akaiweka kwenye simu yake ya kazini. Nikaandika maneno ya yule mtu, nayakumbuka yote: mrembo, mama yako hakuelewi kama ninavyokuelewa mimi, hii iwe siri yetu. Programu ikawaka kijani. Salama!

Kisha yeye akaandika: bomba limepasuka, niletee koleo. Nyekundu! Ikalia mpaka mteja akageuka.

Akabaki kaishika simu kama kashika nyoka. Iondoe, nikasema. Akaiweka juu ya friji. Mke wangu, kufuli bovu si sawa na kukosa kufuli. Jumamosi nitainua mkono.

Ukaidi huo kaniambukiza mimi au nimemwambukiza — sijui.

Ijumaa, 7 Machi

Binti anajua simu yake inasomwa. Mama, gazetini unatetea siri za watu. Nyumbani je? Baba yake akajitokeza kiume: ni mimi, mwanangu, si mama yako. Haikusaidia. Kwake sisi ni chungu na mfuniko.

Mdahalo ulikwendaje? Salama. Umekula? Salama. Sasa anajibu kama ile programu.

Jioni tukiwa kwenye sinki simu yake ikatikisika. Akaisoma. Uso ukabadilika. Akaigeuza kifudifudi, akachukua sahani ileile aliyokwisha kuifuta, akaifuta tena. Nani? Hakuna, mama.

Nimemtazama baba yake. Kafungua simu yake haraka, aone "mlinzi" kasema nini. Kijani.

Alitaka kunyoosha mkono aichukue ile ya binti. Nami pia — nakiri, mkono uliniwasha. Hatukuichukua. Binti akaenda chumbani kwake, mlango akaufunga polepole. Afadhali angeubamiza.

Jumamosi, 8 Machi

Ukumbini. Naandika mapajani. Baba watoto kakaa mbele, jirani na Tochi. Binti yuko nje barazani, simu mkononi, hatuambii kitu.

Tochi anasema hoja haina mpinzani. Kisha kaniona. Haya, Mama Makala, wewe hukosi neno! Watu wanacheka. Anasema nipite mbele. Nayaandika kwanza nisije nikaropoka:

Wazazi wenzangu mnaotaka kuinua mikono. Ishusheni kwanza. Ingizeni mifukoni, mtoe simu zenu, zifungueni, ziwekeni juu ya meza ile. Kila mume mbele ya mkewe, kila mke mbele ya mumewe. Asiye na la kuficha asiogope, si ndivyo mnavyowaambia watoto? Tusomane mpaka mchana. Kisha nendeni nyumbani, mwone kama kuna mtu humo atakayewaletea tena jambo linalomtisha.

Mwenyekiti, usitazame dari. Na wewe baba watoto, uliye mbele: anza.