Chai Yenye Mwenyewe Hakuonja

Ujiji, kisha ya sala ya magharibi

Mudogo wangu Rosette,

Niko muzima, ni miguu tu inavimba, na sac ya mugongo inakula mabega. Kutafuta nyumba peke yako mu inchi ya watu si muchezo. Leo maman mumoja, Zuhura, alinionyesha chumba kizuri, kisha akaniletea chai. Yeye mwenyewe hakuonja. Rosette, kwetu Bukavu nani anakupa kinywaji bila kukunywa wa kwanza? Nikamuambia, "Maman, anza wewe." Akacheka: "Siwezi, mwanangu, nimefunga. Wewe msafiri, kunywa." Maneno tamu vile, nikazidi kuogopa sumu. Nikaiacha ikapoa.

Jua ilipozama, wakaadhini. Maman akachukua kikombe kile kile, akakunywa yote mbele yangu, akanimiminia ingine ya moto. Nikakunywa na mimi.

Chumba kinatutosha sisi wawili. Kuya tuishi pamoja. Na tonton Adalbert, ndugu ya papa, akikuita mubishane tena juu ya parcelle, kile kiwanja ya papa kule Nguba, usikunywe kitu kwake, hata akionja wa kwanza. Ile kasiksi, pombe ya ndizi, papa alikunywa siku alikufa, tonton alionja wa kwanza.

Dada yako, mulango iko wazi,
Eulalie